Siku moja maishani mwangu: kukagua Mercedes 280 SL Lubumbashi

Saa 12:30 asubuhi. Ni Julai, baridi ya Lubumbashi inataka koti zito. Kwa kazi yangu baridi hii ni baraka, maana injini iliyolala nje usiku kucha haifichi ugonjwa wake. Jana jioni nilimpigia mwenye gari: "Papa, tafadhali, lisiwashwe mpaka nifike." Napakia jeki, stendi, tochi, kipimo cha kompresheni, mkeka wa kulalia chini, na sumaku niliyoifunga kitambaa isikwaruze rangi. Chai na mikate, kisha natoka Katuba.

Saa 2. Tuko mtaa wa Golf. Gari ni Mercedes 280 SL, lile la viti viwili ambalo paa lake la chuma limebonyea katikati, watu wakaliita Pagoda. Liliundwa hadi 1971, na kiwandani zilitoka 23,885 tu. Mteja wangu ni daktari, na naona wazi moyo wake umeshanunua. Rangi nyekundu ni mpya. Rangi mpya kwenye gari la umri huu hainifurahishi hata kidogo, kwani chini yake chochote kinaweza kulala.

Naweka kiganja kwenye boneti: baridi. Papa ametimiza neno lake.

Naanza na namba. Kwenye kibao nasoma 113.044, namba ya modeli ya 280 SL, kisha 10, yaani usukani wa kushoto na gia za mkono. Kwetu tunaendesha upande wa kulia, na magari yaliyohamishwa usukani na mafundi wa mitaani ni mengi, kwa hiyo hizo tarakimu mbili siziruki kamwe. Namba ya injini inaanza na 130.983, kama inavyotakiwa kwa 280 SL. Karte roze, hati ya usajili wa gari, nayo inakubaliana na kibao.

Sasa sumaku. Daktari anashtuka: "Fundi, mlangoni haishiki! Wamejaza mastiki ya kuziba mashimo?"

"Hapana, Docta. Boneti, kifuniko cha buti na bati la nje la milango ni aluminiamu tangu kiwandani. Ingeshika hapo, ndipo ningeuliza maswali."

Sehemu nyingine ninazopima ni chuma, na huko inashika vizuri, mpaka chini ya taa ya mbele kushoto. Pale inateleza na kuanguka. Mastiki, tena nene.

Saa 3:30. Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote, na wanunuzi wengi hawapaangalii kabisa. Gari lisilo na paa la kudumu linabebwa na sakafu pamoja na boriti za chini ya milango. Zikioza, mwili wote unalegea. Naomba tuondoe paa, nafungua na kufunga mlango, kisha naliinua upande mmoja kwa jeki na kufungua tena. Kulia mwanya wa mlango haubadiliki. Kushoto mlango unakwama kidogo juu. Nalala chini na tochi, nagonga kwa kishikio cha bisibisi: kulia mlio mkavu wa chuma kizima, kushoto mlio mzito, na karibu na gurudumu la nyuma bisibisi inazama. Matope mekundu ya masika yaliingia humo, hakuna aliyeyaosha, yakakaa na unyevu wake hadi chuma kikaliwa.

Namwita Papa aone mwenyewe. Simfichi muuzaji, lawama zinazosemwa pembeni huharibu biashara. Anatazama kimya, anasema, "Mwanangu, aliyepaka rangi hakuniambia."

Saa 5. Injini inawaka mara ya pili, moshi mweupe kidogo, kisha safi. Ikishapata moto natoa plagi na kupima silinda zote sita. Tano zinasoma karibu bar 11, moja 10. Naitia ile moja tone la oili, inapanda na wenzake: ni ringi zimechoka kidogo, si valvu. Pampu ya sindano ya Bosch, inayopeleka petroli kwenye injini, haivuji, nami nashukuru, maana kuitengeneza ni gharama na wanaoijua ni wachache.

Mchana ni bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) kwa mama mmoja njiani, haraka.

Saa 8. Barabara ya Likasi. Gia ya pili inakwaruza nikishusha kwa haraka, usukani umenyooka, na mshale wa presha ya oili unabaki kwenye 3, mwisho wa kipimo, kila nikikanyaga mafuta. Injini hii bado ina miaka mingi.

Saa 11. Naandika ripoti nikiwa nimeketi na Docta. Namweleza waziwazi: ringi na gia zinaweza kusubiri, boriti haziwezi. Kuna fundi wa kuchomelea Kamalondo ninayemwamini, lakini vipande vinapaswa kutoka Ujerumani kwa ndege hadi uwanja wetu wa Luano, na gari lifungwe kwenye fremu lisipinde likikatwa. Bei aliyotaja Papa ni ya gari zima. Hili si zima.

Docta anapiga simu mbele yangu. Wanaongea kwa heshima, muda mrefu. Papa anakubali kuondoa gharama yote ya boriti, kwa sharti moja: likikamilika, alipande mara moja hadi Likasi na kurudi.

Docta ananiuliza kama nitaweza kusimamia uchomeleaji. Namjibu ndiyo, ila rangi ya upande wa kushoto itolewe yote kwanza, hadi chuma kionekane.