Nguzo nne zinazobeba msikiti wa Kimalay

Kuba tunazoziona leo kwenye misikiti ya Malaysia ni za juzijuzi. Msikiti wa Jamek wa Kuala Lumpur, uliochorwa na Mwingereza Arthur Benison Hubback, ulifunguliwa mwaka 1909. Ule wa Ubudiah, Kuala Kangsar, mchoro wake huyohuyo, ulikamilika 1917. Hata kuba ya msikiti wa Baiturrahman kule Aceh, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra, Indonesia, ilijengwa na Waholanzi, baada ya msikiti wa awali kuteketea vitani mwaka 1873. Kabla ya hapo, kuanzia Sumatra na Java hadi Melaka na Kelantan za Malaysia, na Patani, kusini mwa Thailand ya leo, msikiti ulikuwa ukumbi wa mraba chini ya paa la mbao lenye ngazi mbili au tatu. Mara nyingi haukuwa na mnara, na ngoma kubwa iitwayo beduk ililia kutangaza wakati kabla ya adhana.

Kuhusu asili ya paa hilo, wapo wanaolihusisha na mahekalu ya Kihindu ya Java na Bali, na wapo wanaotazama Malabar, pwani ya Kerala nchini India, ambako misikiti ya zamani nayo ina mapaa ya ngazi. Kwa maoni yangu, tuanze na seremala. Alitakiwa afunike eneo pana la mraba kwa mbao tupu, kwenye nchi yenye mvua kubwa na joto la unyevu mwaka mzima. Paa moja la kufunika upana wote lingehitaji makombamoyo marefu mno, nayo yangepinda. Akaligawa.

Kazi huanzia katikati. Nguzo nne kuu, tiang seri, husimamishwa kwanza na kufungwa kwa boriti juu. Hizo ndizo zinazobeba ngazi ya juu kabisa, yenye umbo la piramidi na mteremko mkali. Kisha huja nguzo fupi za pembeni, mara nyingi 12, hivyo jumla hufika 16. Makombamoyo ya paa la chini hulala juu ya nguzo za nje kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili huegemea boriti zinazozunguka zile nne. Kati ya ngazi moja na nyingine huachwa uwazi wenye mbao za mshazari au nakshi zilizotobolewa. Hapo ndipo hewa ya moto inapotoka nje na mwanga unapoingia, huku upenu wa juu ukizuia mvua. Katika msikiti wa Demak, Java, uliojengwa karne ya 15, nguzo moja kati ya nne kuu imeundwa kwa vipande vingi vya mbao vilivyounganishwa, na simulizi humtaja Sunan Kalijaga, mmoja wa mawalii walioeneza Uislamu Java, kuwa ndiye fundi wake.

Mti unaosifiwa zaidi kwenye rasi ya Malay ni cengal, mzito wa kilo zaidi ya 900 kwa mita ya ujazo, na mchwa hauuwezi kirahisi. Maungio ni ulimi na tundu, yanayokazwa kwa vigingi vya mti. Msumari wa chuma ukipigwa kwenye mti wa namna hii penye unyevu hushika kutu, na kutu hiyo hula nyuzi za mbao kuuzunguka hadi ungio linalegea. Kigingi huvimba na kusinyaa pamoja na mti, na kikichakaa hung'olewa kikawekwa kingine.

Faida ya ufundi huo ilionekana Kampung Laut, Kelantan. Mafuriko ya msimu wa 1966–67 yaliuharibu msikiti wake wa zamani, na mwaka 1968 ulifumuliwa mti baada ya mti na kusimamishwa upya Nilam Puri, mbali na kingo za mto. Jengo lililogongwa misumari lingevunjikavunjika wakati wa kufumuliwa.

Melaka walichukua njia nyingine: msikiti wa Kampung Hulu, wa 1728, una kuta za matofali na kingo za paa zilizopinda kwa mkono wa mafundi wa Kichina, lakini paa limebaki la ngazi.

Kinachoniuma ni ukarabati wa haraka. Vigae vyembamba vya udongo hubadilishwa kwa bati, ndani kukawa joto na kelele wakati wa mvua. Kisha uwazi wa ngazi huzibwa kwa vioo ili kuweka kiyoyozi. Unyevu hunaswa juu, na ukungu huanza kwenye vichwa vya nguzo, mahali pasipoonekana ukiwa chini. Baya zaidi ni zege linalomwagwa kuzunguka mguu wa nguzo uliokuwa umekaa juu ya jiwe. Jiwe liliacha maji yapite na hewa ikaushe; zege huyashika, na mguu huoza kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa. Anayekagua msikiti wa aina hii aanze hapo kwenye mguu: agonge kwa nyundo ndogo pande zote nne, na akisikia mlio wa uwazi, paa litegemezwe kwanza kabla ya kugusa chochote.