Tumeishusha mashine ya boti leo

Maji yalipokupwa asubuhi hapa Kilindoni, Mafia, mimi na ami tumeishusha mashine ya boti, ile ya farasi 15. Upepo wa kusi umeshika, sikutaka ibaki kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, inaliwa na chumvi. Kwanza niliifunga kamba ya usalama, maana karibu kilo 40 zikikuponyoka ni hasara tupu. Skrubu moja ya kubania ilikuwa imeganda kwa chumvi, tukaimwagia dizeli tukangoja karibu nusu saa.

Ami alishika kichwa cha mashine, mimi mguu wake, upande wa pangaboi. "Usiuinue mguu kupita kichwa, mwanangu, maji yataingia kwenye silinda." Tukaibeba hivyo hivyo, wima, hadi kwenye stendi niliyoigonga jana kwa mbao za mbili kwa nne.

Tukaisafisha kwa kuiwasha ndani ya pipa la maji baridi, yasiyo na chumvi. Kisha nikafungua oili ya gia. Ikatoka nyeupe kama chai ya maziwa! Uzi wa mshipi wa kuvulia ulikuwa umejizungusha nyuma ya pangaboi na kuikata sili, ule mpira unaozuia maji, maji yakapenya. Nashukuru sana tumeliona mapema, gia bado nzima. Kesho asubuhi natafuta sili mpya.