Nilivyoificha skrini ya projekta baina ya boriti za ukumbi wetu

Wenye nyumba za Mji Mkongwe watanielewa nikisema ukumbi wetu hauna ukuta mtupu. Upande mmoja madirisha, upande wa pili milango, na ule ukuta wa mwisho ambao ndo pekee unaofaa kuonyeshea picha umejaa vidaka, yale mashimo ya kuwekea vitu yaliyojengwa ndani ya ukuta, toka usawa wa kiuno mpaka karibu na dari, na ndani ya vidaka mama kapanga mabakuli yake ya kizamani, birika la shaba na vitabu vya marehemu baba. Kuviziba halikuwa hata jambo la kuulizana. Mji Mkongwe umeingia kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000 na Mamlaka ya kuuhifadhi mji wanataka waulizwe kabla hujagusa nyumba, nasi tuliwauliza, lakini hata pasingekuwa na wa kuuliza mie vidaka vile nisingevigusa, ndo uzuri wenyewe wa nyumba ule.

Kilichofungua njia ni matengenezo. Chokaa ya ukuta ilikuwa inabanduka, waya za umeme zimechoka, ukumbi ilikuwa lazima ufanyiwe kazi, nikasema basi na mie nipate sinema yangu humu humu. Mama hakukataa. Yeye mwenyewe ni mtu wa sinema, usichana wake kauona pale Majestic ya Vuga, ile iliyojengwa 1955 pahala pa Royal iliyoungua, filamu za Kihindi anazihadithia mpaka leo nyimbo na yote. Alitoa sharti moja tu: "Weka sinema yako mwanangu, lakini wageni wakija nisione kitu." Na wageni wetu ndo wale, ukumbi huo huo ndo wa hitima, ndo wa posa, ndo wa jirani aliyekuja kusalimia. Kwa hiyo skrini ya fremu ya kudumu nje, ya miguu mitatu nje, na lile boksi jeupe refu la kuning'inia ukutani unaloliona kwenye kumbi za semina pia nje.

Nilianza kuiangalia dari. Kwa asiyezijua nyumba zetu, dari ni boriti za mikoko zimelazwa ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa, na kwa kuwa mti wa mkoko haupatikani mrefu kupita kiasi basi vyumba vyetu vingi vina upana wa mita tatu hivi tu, urefu ndo wanauongeza wapendavyo. Ukumbi wetu ni hivyo hivyo, upana mita 3 na kidogo. Na boriti zinakata kwenye upana. Maana yake zinakwenda sambamba na ule ukuta wa vidaka! Baina ya boriti na boriti kuna nafasi ya kiasi cha sentimita 20, na kasha la skrini ya kujikunja ni la sentimita 10 au 11. Nikajua hapa hapa, skrini ikae baina ya boriti mbili, ishuke mbele ya vidaka wakati wa filamu, ikipanda iwe haipo.

Ukubwa nikachagua inchi 92. Picha ya 16:9 ya inchi 92 ina upana wa sentimita 204 na kimo 115, kasha lake linafika kama mita 2 na nusu kasoro, linaingia kwenye mita 3 na mkono wa fundi unapata pa kupita. Inchi 100 ni sentimita 221 kwa 125, ingeingia nayo lakini kwa kubana, na kwa umbali tunaokaa sie inchi 92 inatosha na kubaki.

Sasa hapa ndo nataka msome vizuri kwa sababu wauzaji wengi hawakwambii. Dari zetu ni ndefu. Toka chini ya boriti mpaka sakafuni kwetu ni sentimita 330. Picha nataka ianzie sentimita 85 toka chini ili mtu aliyekaa kwenye kochi asinyanyue shingo. Kwa hiyo 85 ya chini, 115 ya picha, ukitoa kwenye 330 unabakiwa na sentimita 130 juu ambazo lazima ziwe kitambaa cheusi kinachoshuka kabla ya kitambaa cheupe kuanza. Skrini za kawaida za dukani kitambaa cheusi cha juu ni kifupi tu, ukifunga moja kwa moja kwenye dari ya Mji Mkongwe picha itakaa juu juu huko utaiangalia kwa kulala chali. Wengine wanaishusha kasha kwa minyororo, sasa hapo umeficha nini? Mie nikamuandikia ami yangu aliyeko Dubai, nikampa kipimo cha kila kitu, akanitafutia anayeshona kwa oda, kitambaa cheusi cha juu sentimita 130, mota ya ndani ya bomba, umeme wa volti 230, na kile chuma cha chini cha uzito nikataka kiwe alumini kwa sababu ya chumvi ya upepo wetu, chuma cha kawaida huku kinaota kutu hata ndani ya nyumba. Nikaomba pia ile aina yenye kamba za pembeni zinazokivuta kitambaa kisijikunje. Na hilo msilipuuze, joto na unyevunyevu wetu unakifanya kitambaa kisicho na kamba kiingie mawimbi, picha ya mpira mistari ya uwanja inapinda.

Fundi nilimtafuta Nungwi, mzee wa majahazi. Kuna walioniambia chukua fundi wa dari za jipsam yuko karibu na kazi yake safi, lakini mie sikutaka kitu safi, nilitaka kitu kinachofanana na boriti zilizokuwepo humu kabla babu yangu hajazaliwa. Boriti hizo zimechongwa kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao, zina makovu, hazina mstari ulionyooka. Mzee alipoingia akasimama katikati ya ukumbi akatazama juu kwa muda halafu akauliza, "Hichi kitu chako kinataka pimamaji?" Nikamwambia ndiyo baba, skrini ikienda upande kitambaa kinajikunja vibaya kwenye bomba mpaka kinachanika. Akasema, "Basi kitu chako tutakipa pimamaji, boriti yangu tutaipa macho." Na ndivyo alivyofanya, na kwangu mie hii ndo siri ya kazi nzima.

Juu ya dari hatukutoboa kabisa, kwa sababu katikati ya boriti ni mawe na chokaa, ukipiga keekee kwenda juu kinachoshuka ni kifusi na mwenye ghorofa ya juu anakuja kuuliza. Alikata vipande vya mbao ya mfenesi vikae baina ya boriti mbili, vikafungwa skrubu kwa ubavuni. Mkoko mkavu wa miaka yote hiyo ni mgumu sana, lazima utoboe tundu kwanza kwa drili ndo utie skrubu, vinginevyo inakatika kichwa. Skrini ikaning'inia kwenye vile vipande, hapo pimamaji likatumika mpaka povu likatulia katikati. Halafu akaifunika kwa mbao tatu, mbili za ubavuni na moja ya chini, na hizi ndo alizozichonga kwa tezo, akazipindisha kidogo kufuata mpindo wa boriti jirani. Kasha limeshuka chini ya usawa wa boriti kwa vidole viwili hivi lakini boriti zenyewe hakuna mbili zilizolingana, kwa hiyo jicho linahesabu boriti moja ya ziada na kuendelea zake. Rangi tulichanganya vanishi ya kahawia na nyeusi tukajaribu kwenye vipande vya mbao, tukaviinua juu asubuhi na tukavitazama tena usiku chini ya taa, maana rangi inayolingana mchana usiku inaweza kukusaliti.

Ubao wa chini una mwanya wa sentimita 4 wa kupitisha kitambaa. Mwanya mweusi unaonekana, huwezi kuuacha hivyo. Kwa hiyo kwenye chuma cha chini cha skrini mzee akagandisha upapi mwembamba wa mfenesi uleule, umechongwa vilevile, skrini ikipanda mpaka mwisho ule upapi unajaa kwenye mwanya na kuuziba. Uwe mwepesi lakini, mota ina kiwango chake cha uzito, muulizeni muuzaji kabla hamjaongeza kitu. Na mota ina viskrubu vya kurekebishia inasimama wapi juu na wapi chini, hapo kwenye kichwa cha kasha, unavizungusha kwa bisibisi kidogo kidogo. Kile cha juu nilikirekebisha kwa uvumilivu sana kwa sababu upapi ukipitiliza unagonga ubao na ukipungua unaning'inia.

Nusu moja ya ubao wa chini haikupigwa msumari, imeshikwa kwa skrubu chache zilizozama ndani ya makovu ya tezo, ukizifungua unaifikia mota yote. Msikubali fundi akakuzibieni kasha moja kwa moja. Mota ni kifaa, iko siku itataka kutolewa.

Kwa juu ya kasha tuliweka ubao mwembamba kama paa, kwa sababu dari ya chokaa haiachi kumwaga vumbi na vumbi la chokaa likiingia kwenye kitambaa cheupe halitoki bila kuacha alama. Na kwenye kingo za mwanya tukabandika ile brashi nyembamba wanayoweka chini ya milango. Hiyo ni kwa ajili ya mijusi. Mijusi wanapenda pahala penye giza na joto, wanataga humo humo, sasa fikirieni mayai ya mjusi yanakunjwa ndani ya kitambaa.

Waya wa umeme tuliupitisha juu ya ubavu wa boriti upande usiotazamwa na mlango, ukashuka kwenye kona pamoja na waya mpya za ukumbi. Suala la umeme kukatika nililifikiria sana. Sie watu wa Unguja umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na aliyekuwepo hajausahau ule wakati wa kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 kisiwa kizima kilipokaa gizani. Ukikatika skrini ikiwa chini, inabaki chini, na kesho asubuhi kuna wageni. Skrini ya kuvuta kwa mkono isingekuwa na tatizo hilo ila kwa dari ya mita 3 na zaidi ungehitaji fimbo yenye kulabu, kisha kile kishikio kining'inie daima. Nikabaki na mota na kuiunga kwenye inverta ya betri tuliyonayo ya taa na feni. Mota ya namna hii haili umeme mwingi na inafanya kazi kwa muda mfupi tu, inverta inaibeba bila shida.

Projekta nayo haionekani. Iko ndani ya sanduku la kizamani la misumari ya shaba la bibi, wakati wa filamu naitoa na kuiweka juu ya kifuniko. Inataka umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa 204 ni mita 3 na kidogo, sanduku linakaa hapo hapo. Kimo cha sanduku kimesaidia pia kwa sababu projekta yangu inarusha picha kuanzia juu kidogo ya usawa wa lenzi, kwa hiyo picha inaangukia kwenye sentimita 85 bila kuirekebisha kwa menyu, na ile ya kurekebisha kwa menyu mie siipendi, inakula ukali wa picha. Watoto mkeka wao uko pembeni wasikate mwanga. Isitumike ikiwa ndani ya sanduku hata siku moja, itaungua kwa joto.

Mama alipoiona inashuka mara ya kwanza alisimama mbele ya vidaka vyake, akangoja mpaka ikapanda tena, akapitisha macho kwenye bakuli moja moja. Akasema, "Haya, sasa nitafutie filamu ya zamani ya Kihindi."

Kipindi cha masika naishusha skrini hata kama hatuangalii kitu, inakaa wazi saa kadhaa na feni inazunguka, kwa sababu kitambaa kilichokunjwa na unyevu kinaota ukungu wa madoa meusi. Kuifuta ni kitambaa laini kikavu tu, au maji kidogo sana. Sabuni na dawa za madirisha zinaharibu ule weupe.

Binamu yangu wa Chake Chake anataka nayo na yeye nyumba yake ni mpya, dari ya jipsam. Kwake ni rahisi zaidi nimemwambia, ila afanye sasa kabla dari haijafungwa: aache mfereji wa sentimita 20 kwa urefu wa kasha na nafasi ya mkono kila upande, kasha alifunge kwenye zege au kwenye mbao za paa na si kwenye jipsam yenyewe, aache mlango wa kufikia mota, na waya wa umeme auvute mpaka hapo sasa hivi hata kama skrini atanunua mwakani. Na kitambaa cheusi cha juu apime mwenyewe kwa futi toka dari mpaka sakafu ndo aagizie, asikubali kipimo cha kukisia.