Herufi nne

Alhamisi jioni moja ya mwaka 2019, ofisini kwetu Kijitonyama, nilikuwa nimeandika ujumbe wa kumwomba radhi bosi mara mbili na kuufuta mara mbili.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mteja wetu, msambazaji wa vinywaji, alitaka duka likilipa kwa simu mfumo wake ujue papo hapo, karani asishinde anapiga simu kuuliza "imeingia?" Upande wa pili kulikuwa na kampuni ya malipo, jina nalimeza, yenye huduma ya kizamani ya SOAP, mtindo wa programu mbili kutumiana ujumbe. Unatuma bahasha ya XML, maandishi yaliyopangwa kwa alama, na kwenye heda za ombi la HTTP, yaani mistari ya maelezo inayotangulia ujumbe wa wavuti, unaweka moja iitwayo SOAPAction, ya kumwambia mpokeaji umefuata huduma gani. Toleo la 1.1 la SOAP, la mwaka 2000, linaidai heda hiyo. Toleo la 1.2 liliachana nayo, ila wale jamaa hawakuwa na haraka ya kuhama.

Nikijaribu kwa mkono, kwa curl, amri ya kutuma maombi ya wavuti, jibu linakuja safi. Nikituma kwa programu yangu ya Python, nagongwa na 500, namba ya hitilafu upande wa seva, na maelezo kwamba heda ya SOAPAction haipo.

Haipo vipi? Ninaiona hapa, mstari wa 41, nimeiandika mwenyewe kwa add_header, amri ya kuongeza heda. Nikaufuta mstari nikauandika upya, kana kwamba mara ya kwanza vidole vyangu viliniongopea. Siku ya kwanza nikashuku nywila. Ya pili nikashuku XML, nikalinganisha bahasha mbili nafasi kwa nafasi mpaka macho yakawasha. Siku ya tatu nikampigia kijana wa kampuni ile.

"Kaka, huduma iko hewani. Wenzako wote inawakubali."

"Lakini heda naituma."

"Sisi hatuioni, kaka."

Hapo kila mtu alikuwa anasema kweli, na ndicho kilichoniumiza.

Aliyeniokoa ni dada aliyekuwa akitutunzia seva, mtu asiyependa maneno mengi. Nilianza kumsomea mstari wa 41, akanikatiza: "Hicho ulichoandika nimekisikia. Nionyeshe kilichotoka." Akafungua terminali, akaandika nc -l 8080, amri inayosikiliza na kuonyesha kila kinachoingia, akaniambia niielekeze programu yangu hapo badala ya kule kwa wenyewe. Nikabonyeza. Ombi langu likamwagika kwenye skrini likiwa uchi: POST, Host, User-Agent ya Python-urllib/3.6, Content-Type, na katikati yake hii:

Soapaction

Si SOAPAction. Herufi nne zilikuwa zimeshushwa: O, A, P na A. Ukizisoma pamoja zimebaki kidogo ziseme "apa", na kwa kweli niliapa, mbele ya dada wa watu.

Tukafungua faili lenyewe la urllib, maktaba ya Python niliyoitumia kutuma maombi, liitwalo request.py. Ndani ya add_header jina la heda linapitishwa kwenye amri ya capitalize, ambayo huacha herufi ya kwanza kubwa na kuzishusha zote zilizobaki. Nikajiona mjanja, nikairuka add_header na kuweka jina moja kwa moja mahali ombi linapohifadhi heda zake. Likatoka Soapaction vilevile. Kumbe mbele zaidi, ombi likikaribia kuondoka, kuna amri nyingine, title, inayolisafisha jina kwa mara ya pili. Mtu aliyeandika maktaba ile alipenda unadhifu, wala simlaumu. Waraka wa kanuni za HTTP, RFC 7230 wa mwaka 2014, sehemu ya 3.2, unasema wazi kuwa ukubwa au udogo wa herufi kwenye jina la heda hauna maana. RFC 2616 ya mwaka 1999 ilishasema hivyo hivyo. Msomaji wa Kiswahili anajua TANU kilikuwa chama cha siasa na tanu ni tanuri la kuchomea chokaa, lakini kwa HTTP hayo yote ni jina moja.

Ili kuhakikisha, nikarudi kwenye curl iliyokuwa ikikubaliwa siku zote na kuandika soapaction kwa herufi ndogo. 500. Kosa lilikuwa lao.

Nikawaandikia barua pepe ndefu, yenye namba ya waraka na sehemu yake, kwa lugha ya mtu aliyeshinda kesi. Jibu likaja ndani ya dakika kumi: "Kaka, wenzako wote inawakubali." Naamini wenzangu wote walitumia lugha za Java au PHP, ambazo hupeleka jina kama lilivyoandikwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuligusa lile shimo. Nilitamani kuwauliza watafanya nini siku ya kuhamia HTTP/2, toleo la baadaye la HTTP, inayolazimisha majina yote ya heda yawe ya herufi ndogo, lakini nilikuwa na njaa na mteja alikuwa anasubiri.

Kuweka maktaba nyingine haikuwezekana. Seva ya mteja haikuwa na intaneti, na kibali cha kusakinisha chochote kilipita kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu. Kulikuwa na mbinu ya kuunda aina yangu ya maandishi ambayo ikiambiwa capitalize au title inajirudisha ilivyo. Niliijaribu, ikafanya kazi, nikaifuta. Atakayekuja kurithi programu ile angenitafuta hadi kwetu. Nikashuka ngazi moja chini ya urllib, kwenye http.client, maktaba inayoitegemeza, ambayo inapeleka heda bila kuigusa. Mistari kumi hivi. Juu yake nikaacha maelezo: "Usizibadilishe herufi hizi. Niulize kwanza."

Saa tatu kasoro usiku jibu la kwanza likarudi, malipo ya duka moja la Mbagala, 200, yaani limefaulu. Dada alikuwa ameshaondoka.

Kesho yake bosi alinikuta kwenye chai.

"Tatizo lilikuwa nini?"

"Herufi nne."

"Zilikosewa?"

"Hapana. Zilikuwa ndogo."

Akanitazama kidogo, akachukua chapati yake, akaenda zake.