Tulivyopanga kituo cha afya ya akili karibu na mwalo

Mchoro wa kwanza ulifika ukiwa umekunjwa ndani ya bomba la plastiki, nikautandaza mezani kwenye ofisi ya kijiji na kuukandamiza pembe kwa mawe. Ulikuwa mzuri kuutazama. Jengo la ghorofa moja lenye vitanda 60, ukuta mrefu kuzunguka eneo lote, geti moja lenye kibanda cha mlinzi, na upande wa Ziwa Victoria bustani ya viti ili wagonjwa wapunge upepo. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nilipoingizwa kwenye kamati nilidhani kazi yangu itakuwa kukagua stoo ya dawa na idadi ya vyoo, basi.

Mama mmoja muuza dagaa, mjumbe wa kamati kama mimi, aliutazama ule mchoro muda mrefu kuliko sisi wote. Kisha akauliza, "Sista, mimi nitalala wapi?"

"Mayu, wewe si mgonjwa," nikamjibu.

"Na mwanangu atakula kwa mkono wa nani?"

Kijana wake anaumwa tangu akiwa na miaka 19. Anasikia sauti, na zikizidi hakubali chakula cha mtu yeyote isipokuwa mama yake, kwa kuogopa sumu. Mara 3 amempeleka hospitali ya Bugando, Mwanza, na mara zote yeye mwenyewe amelala nje kwenye kanga, akifua na kuanika kwenye majani. Nilikuwa nimewaona akina mama wa namna hiyo miaka yote ya kazi yangu. Niliwapita koridoni kila asubuhi nikiwaambia wasogee tupige deki. Swali lake lilinikaa kifuani usiku mzima.

Ndipo nikakumbuka somo la chuoni kuhusu Aro, kule Abeokuta, Nigeria. Mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapangisha wagonjwa katika vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake wa kumpikia na kumsindikiza kwenye matibabu mchana. Hata kwetu Tanzania wazo hilo si geni. Vikuruti, nje ya Dar es Salaam, kiliwekwa kijiji ambacho wagonjwa waliopata nafuu waliishi na kulima. Nikamwomba mwenyekiti tusimamishe mchoro kwa muda. Hakufurahi, maana watu walishaanza kuuliza ujenzi unaanza lini, lakini alikubali.

Mimi na mhudumu wa afya wa jamii tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hatukuuliza "una mgonjwa wa akili?" Ukiuliza hivyo hapa hupati jibu. Neno "Mirembe", jina la hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, limegeuzwa tusi nchi nzima. Mtoto akifanya kosa dogo tu anaambiwa apelekwe Mirembe. (Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba ng'ambo ya ziwa hili hili, kwa Waganda, mirembe maana yake ni amani.) Tuliuliza tofauti: "Nani hapa nyumbani mnahangaika naye? Mkimpeleka kutibiwa mnapita wapi, mnalala wapi, nani anabaki na watoto?" Watu walifunguka. Mzee mmoja alitupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha mdogo wake, amefungwa kamba mguuni kwenye mwembe. Alilia alipokuwa akieleza. Nyumba iko hatua chache kutoka majini, na mdogo wake ana kifafa pamoja na kuchanganyikiwa. Kamba ile ilikuwa ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumzuia asizame.

Kifafa kilibadilisha mengi kwenye mpango. Katika kliniki zetu za afya ya akili wagonjwa wa kifafa ni wengi, kwa kuwa ndiko wanakopata dawa zao, fenobabito au kabamazepini. Mtu wa kifafa kando ya ziwa ana maadui wawili, maji na moto. Kwa hiyo jiko la ndugu, ambalo halikuwamo kabisa kwenye mchoro wa kwanza, tuliliweka katikati ya eneo, na tukasema lisiwe na mafiga ya chini. Majiko yajengwe kwa matofali, yafike kiunoni, ili mtu akianguka asiangukie makaa. Ghorofa tuliifuta. Ngazi na baraza za juu ni hatari kwa mtu wa kifafa, na ni hatari zaidi kwa mtu anayewaza kujiua.

Bustani ya ufukweni nayo ikafutwa. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pili, maji ya pembeni yana kichocho. Tatu, na hili ndilo nililisimamia kwa nguvu, humweki mtu aliyekata tamaa mahali ambapo kila akifungua macho anaona kina cha maji. Wapo waliosema ufukwe ndio utawavutia wafadhili. Nikawajibu kwamba wafadhili watakuja siku moja na kuondoka. Lakini pia hatukuweza kukimbia mbali, maana wagonjwa wa visiwani hufika kwa mtumbwi. Tulipata kiwanja mwinukoni, kati ya barabara na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ambapo mgonjwa anaweza kutembezwa kwa miguu. Miamba mikubwa inakikinga dhidi ya kelele za mnada wa samaki.

Jambo la mwezi sikulijua mimi, nilifundishwa na wavuvi. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka taa hazivuti tena, mitumbwi inalala, wanaume wanarudi nyumbani, hesabu zinafanywa, na hela inaingia mifukoni. Hapo ndipo gongo inapotiririka. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, alinieleza bila kuficha: "Sista, ukiweka kliniki Jumanne ya kwanza ya mwezi, utawakosa. Weka mbalamwezi." Nilikaa na kalenda nikapiga hesabu. Tangu mwezi mpevu hadi mwezi mpevu ni siku 29 na nusu. Sindano ya flufenazini, dawa ya watu wanaosikia sauti, ile ya kukaa mwilini muda mrefu, kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki 4 hivi. Zinaelekeana! Mvuvi hahitaji kukumbuka tarehe, anatazama juu.

Nikaelewa pia kwa nini chumba cha kuachisha pombe lazima kiwe karibu na geti, chenye taa usiku kucha na muuguzi wa zamu. Mtu aliyekunywa gongo kila siku kwa miaka akiacha ghafla, degedege linaweza kumpata ndani ya siku 2 za mwanzo, na siku ya 2 hadi ya 4 anaweza kuchanganyikiwa, akatetemeka na kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaua. Mke anayemfungia mumewe ndani ili aache pombe, au tajiri mwenye mtumbwi anayemchukua kijana kwenda naye ziwani "akapate akili", hajui anachokifanya. Chumba hicho kinahitaji diazepamu ya kuzuia degedege, thiamini (vitamini B1), maji ya mishipani na macho ya mtu. Si gharama ya kutisha. Kwa upande wa heroini tulikubali kwamba hatutaiweza peke yetu. Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, kwa kawaida inanywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kliniki yake iko mjini, hospitali ya Sekou Toure. Tutakachofanya ni kumwandaa mtu na kumsindikiza.

Vitanda vilishuka kutoka 60 hadi 24. Nafasi iliyobaki ikawa vyumba vya ndugu, kamba za kuanikia nguo, shamba la mihogo na karakana ya kushona nyavu.

Ukuta ndio uliotugawa. Wanakijiji wa jirani waliutaka, tena mrefu. Niliogopa ukuta, kwa sababu nimefanya kazi nyuma ya ukuta na najua mambo yanayoweza kutendeka mahali pasipoonekana. Tukakutana na waganga wa jadi pia, bafumu wetu, kwa kuwa wao ndio wanaopokea wagonjwa kwanza. Wawili walikubali kutuma watu wa kifafa kwetu, mmoja aliondoka kabla ya chai. Suala la ukuta lilikwenda hadi mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndio ulipaswa kuridhia ardhi itolewe. Nilijiandaa kuhutubia. Sikupata nafasi. Yule mzee mwenye mdogo wake wa kamba alisimama, akasalimia, akasema, "Mnataka ukuta umzuie nani? Mdogo wangu mnamjua wote. Mmekula naye." Akakaa. Watu walinyamaza. Tulikubaliana uwe uzio wa michongoma unaofika kifuani, na geti lenye mtu, si kufuli.

Ujenzi bado unasubiri tathmini ya mazingira. Sisi hatukusubiri. Zahanati ilitupa vyumba 2, na mbalamwezi iliyopita tulifungua kliniki. Mzee alimleta mdogo wake akiwa amemshika mkono, alama ya kamba bado ipo kwenye kifundo cha mguu. Anameza fenobabito jioni, mzee akiwa amekaa naye mpaka alale. Mama wa dagaa alifika na kijana wake wakati wa adhuhuri. Nikampa kijana kadi yake, akaisoma, akauliza arudi lini.

Mama yake akamjibu kabla yangu: "Mitumbwi ikilala."