Kompyuta Inadai Hela

Mwishoni mwa mwaka 2013 nilikuwa fundi wa kompyuta wa kuitwaitwa pale Kariakoo. Leo printa imegoma, kesho mtandao umekatika. Mchana mmoja nikapigiwa simu kutoka duka la vipuri vya magari, Gerezani: "Fundi, njoo mara moja, kompyuta inadai hela."

Nilidhani utani. Nikakuta kioo cha kompyuta ya mhasibu kimejaa dirisha jekundu, na pembeni saa inahesabu kurudi nyuma. Mmepewa saa 72, mlipe dola 300 au bitcoin mbili, muda ukipita ufunguo wa mafaili yenu unafutwa. Jina la kirusi lilikuwa limeandikwa juu: CryptoLocker, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai hela ya kuyafungua. Bosi akauliza swali la maana kuliko yote yaliyosemwa mchana ule: "Wanapokea M-Pesa?"

Hawapokei. Na mtaa ule, ambako ukitaka dola au yuan unaelekezwa mlango wa kugonga, bitcoin hakuna aliyejua inauzwa wapi.

Bosi alikuwa anamfokea dada wa uhasibu kwamba kafungua upuuzi. Nikamwomba dada anionyeshe. Barua pepe ilisema kampuni ya vifurushi imeshindwa kufikisha bahasha yao kwa sababu anuani ina kasoro, wachapishe fomu iliyoambatishwa na kwenda nayo ofisi ya karibu. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini nani Kariakoo amewahi kukataa barua ya msambazaji wa Guangzhou kwa sababu ya sarufi? Ndani ya kiambatisho hicho cha zipu kulikuwa na faili lenye alama ya PDF. Nikaingia kwenye mipangilio ya Windows, nikaondoa tiki inayoficha miisho ya majina. Jina likarefuka mbele ya macho yao: .pdf.exe. Ilikuwa programu iliyovalishwa sura ya karatasi.

Kilichoniuma ni kwamba wiki ile walikuwa wanasubiri bahasha kweli. Kontena lao lilishashuka bandarini, BL orijino, ile hati ya shehena, ilikuwa njiani kutoka China, bila hiyo wakala hawezi kulitoa, na tozo ya storeji inapanda kila siku. Bosi mwenyewe kila asubuhi alikuwa akimuuliza dada, "Bahasha vipi?" Matapeli hawakujua lolote kuhusu kontena hilo. Wanamwaga barua kwa watu wengi mno, na katika wengi hao hakosekani anayesubiri mzigo.

"Mzee, hata wewe ungefungua," nikamwambia.

"Mimi ningekupigia kwanza," akajibu. Sikubishana naye, ndiye mlipaji.

Excel zote zilikuwa zimefungwa, Word pia, na folda ya pamoja ya ofisi nzima, na hata diski ya nje ya kuhifadhia nakala, maana ilikuwa imechomekwa muda wote. Antivairasi ilikiondoa kirusi bila tabu, bosi akashangilia, ikabidi nimkate maini: kirusi kikishamaliza kazi yake, kukiua hakurudishi kitu. Dada na vijana wa dukani wakaanza kuchapa hesabu upya kutoka kwenye mafaili ya karatasi. Diski kuu nikaing'oa, nikaweka mpya. Bosi alitaka ile ya zamani itupwe, nikamsihi aifungie kwenye sefu.

Katikati ya 2014 FBI na polisi wa nchi kadhaa wakauvunja mtandao wa kompyuta zilizotekwa, Gameover Zeus, uliokuwa ukikisambaza kirusi hicho. Agosti, kampuni za usalama wa kompyuta, FireEye na Fox-IT, zikafungua tovuti: unapakia faili moja lililofungwa, unaandika anuani yako ya barua pepe, unatumiwa ufunguo. Nikakimbilia Gerezani.

"Kwa hiyo nitaletewa imeili," bosi akasema taratibu, "na ndani kuna kitu cha kufungua?"

"Ndiyo, mzee."

"Bure?"

"Bure kabisa."

Alicheka hadi akakohoa, akamwita dada aje asikie. Dada akasema, "Fundi, mimi simo."

Ikabidi tutumie anuani yangu. Mafaili yakafunguka, na dada akaanza palepale kuyalinganisha na yale aliyochapa upya. Tofauti ya kwanza aliyoikuta ilikuwa kwenye bei ya shokapu, na bosi akavuta kiti.