Fedha ya ulinzi haikai kwenye fungu moja

Kila Mei, Waziri wa Ulinzi akishamaliza kusoma hotuba yake bungeni, tarakimu moja ya bajeti yake inaruka mitandaoni, na kesho yake vijiwe vya kahawa vya Dodoma kuanzia Majengo mpaka Sabasaba vinabishana: ni nyingi mno, au haitoshi. Tarakimu yenyewe ni ya kweli. Tatizo lake ni kwamba haijibu swali la mtu yeyote. Ni jumla ya mafungu matatu tu, yaani sehemu tatu za bajeti zenye namba: Fungu 57, ambalo ni Wizara, Fungu 38, ambalo ni Ngome, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), na Fungu 39, ambalo ni Jeshi la Kujenga Taifa (JKT).

Matatu haya hayafanani. Wizara ni ofisi, JKT ni makambi na vijana, Ngome ni jeshi lenyewe. Ukiyajumlisha kabla ya kuyatazama moja moja, umeshaufunga mlango uliokuwa unataka kuingilia. Halafu kuna fedha za ulinzi ambazo hazimo humo kabisa. Mtambo ukinunuliwa kwa mkopo, marejesho yake yanalipwa kupitia Fungu 22, Deni la Taifa, ambako hakuna anayekuandikia kwamba shilingi hii ni ya ndege na ile ni ya barabara. Pensheni za wanajeshi wastaafu zinalipwa na Hazina. Polisi wana Fungu 28, nalo liko Mambo ya Ndani.

Vita yenyewe ndiyo haina fungu kabisa. Majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, bajeti ya 1978/79 ikiwa imeshapitishwa na mwaka wa fedha una miezi minne. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba vita ile ilitugharimu dola za Marekani kama milioni 500. Hakuna kasma, yaani mstari wa matumizi, iliyokuwa inaisubiri. Waliokuwa watu wazima wakati ule hawakumbuki tarakimu. Wanakumbuka kuambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18, na sabuni kuadimika. Leo njia ya kufuata imeandikwa kwenye Katiba: Ibara ya 137 inaeleza makadirio ya nyongeza, Ibara ya 140 inaeleza Mfuko wa Matukio ya Dharura. Anayetaka kujua matumizi ya dharura yamekwenda wapi aanzie hapo, maana kwenye hotuba ya Mei hayamo.

Sasa vitabu. Vitabu vya makadirio ni vinne, na Wizara ya Fedha huviweka kwenye tovuti yake. Cha kwanza ni mapato. Cha pili ni matumizi ya kawaida ya wizara, idara na taasisi. Cha tatu ni mikoa na halmashauri zake (Dodoma ni Fungu 72, Singida ni 84). Cha nne ni miradi ya maendeleo. Kwa hiyo Fungu 38 utalikuta mara mbili: mishahara na matumizi mengineyo kwenye kitabu cha pili, majengo na miradi kwenye cha nne. Wengi hufungua kimoja, wakapiga picha ukurasa mmoja, wakatangaza wamegundua jambo.

Ndani ya fungu kuna vifungu, na ndani ya kifungu kuna kasma, ambazo zina namba. Namba inayoanza na 21 ni mishahara na stahili za watumishi, 22 ni bidhaa na huduma, 31 ni mali za kudumu kama majengo na mitambo. Kila kasma ina safu tatu: kilichotumika kweli mwaka uliopita, kilichoidhinishwa mwaka huu, na kinachoombwa mwaka ujao. Safu inayosomwa bungeni ni ya tatu. Safu yenye habari ni ya kwanza. Kasma iliyoidhinishiwa bilioni mbili ikatumia milioni mia tatu, na sasa inaomba bilioni mbili na nusu, hiyo ndiyo ya kuulizia. Ukitaka kuona hilo vizuri unahitaji vitabu vya miaka miwili mfululizo, maana kiasi kilichoidhinishwa mwaka uliopita hakimo kwenye kitabu hicho hicho. Vipakue kabla ya kuanza, utaokoa jioni nzima.

Bungeni wabunge wana kitu cha ziada, randama, ambayo wizara inaipeleka kwenye kamati ikifafanua kasma moja moja. Kwa ulinzi kamati ni ile ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama, na mazungumzo mengi ya humo hayatoki nje. Baadaye Bunge zima linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupitia kifungu kwa kifungu. Hapo ndipo mbunge asiyeridhika hutishia kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri. Sidhani kama kuna sarafu nchini iliyoshikwa na kurudishwa mara nyingi kama hiyo. Muda ukiisha inakuja gilotini: vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa mkupuo bila kuhojiwa. Ukisoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, ya siku hiyo, andika pembeni vifungu vilivyohojiwa na vile vilivyopita na gilotini. Orodha ya pili ndiyo ndefu.

Jambo lenyewe nililotaka kulisema ni hili. Mahali pa kutilia shaka si penye tarakimu kubwa. Ni penye mstari ambao ukiusoma hujui kilichonunuliwa. "Huduma za kitaalamu." "Gharama nyingine za uendeshaji." "Ushauri wa kiufundi." Fedha ikiwa na umbo, yaani nyumba 20, magari 6, lita kadhaa za dizeli, mtu anaweza kwenda kuhesabu. Isiyo na umbo haihesabiki, na ndiyo hupendwa.

Kesi ya rada inalionyesha hilo kuliko darasa lolote. Tanzania ilinunua mfumo wa rada kutoka BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28. Ndani ya serikali ya Tony Blair kulikuwa na ugomvi: Clare Short, aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Kimataifa, alipinga, lakini leseni ya kuuza ikatolewa mwishoni mwa 2001. Fedha ya kununulia ilikuwa mkopo wa benki ya Barclays, kwa hiyo rudi kwenye Fungu 22 nililolitaja. Baadaye ikajulikana kwamba dola milioni 12.4 hivi, karibu theluthi moja ya thamani ya mkataba, zilikuwa zimelipwa kwa wakala, nyingi zikipitia kampuni iliyosajiliwa ng'ambo.

Angalia sasa kilichoishika BAE. Si shtaka la hongo. Hongo haikuthibitishwa mahakamani wala haikuwa shtaka. Kampuni ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu zilizo sahihi. Kwenye vitabu vyake malipo yale yalikuwa yameandikwa kuwa ni ya "huduma za kiufundi", na huduma hizo hazikuwepo. Wakala alikuwa anatafuta soko. Desemba 2010 mahakama ya London iliipiga faini ya pauni 500,000 pamoja na gharama za kesi pauni 225,000, na makubaliano yakawa pauni milioni 29.5 zirudi kwa Watanzania. Zikaingia 2012, zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Rada nzima, na kesi ya miaka, ikaangukia kwenye mstari mmoja wa leja wenye maneno yasiyo na umbo.

Huku kwetu anayefungua leja ni Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ofisi yake ikiwa Tambukareli, Dodoma. Mamlaka yake ni Ibara ya 143. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, taasisi zinakabidhi hesabu mwisho wa Septemba, ripoti inamfikia Rais mwisho wa Machi, na lazima iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kinachofuata kianze. Ndiyo maana kila Aprili, wakati vyumba vya wageni Area C na Kisasa vimepanda bei, ripoti nazo zinatoka. Ila piga hesabu ya miaka: ripoti iliyotoka Aprili 2025 inazungumzia mwaka ulioisha Juni 2024, wakati Bunge lilikuwa linajadili bajeti ya 2025/26, ile ya trilioni 56.49. Anayechukua hoja ya ripoti na kumpiga nayo Waziri kuhusu bajeti iliyo mezani amechanganya miaka miwili, na Waziri atamjibu kwa dakika moja.

Kosa jingine ni kuamini hati ya ukaguzi. Hati inayoridhisha maana yake hesabu zimeandaliwa kwa viwango vinavyotakiwa na hazina dosari kubwa za kupotosha. Haisemi kwamba fedha ilitumika vizuri. Halmashauri inaweza kununua kitu kibovu kwa bei ya kuruka, ikaandika vizuri kila karatasi, ikapata hati safi. Kwa hiyo ruka ukurasa wa hati, nenda kwenye sura ya manunuzi, halafu kwenye sura ya utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Hoja inayorudi mwaka wa tatu mfululizo ina uzito kuliko hoja mpya kumi.

Jeshini raia hawezi kwenda kuhesabu. Shuleni anaweza, na mazoezi yote ya kusoma kasma yanafanyika vizuri zaidi huko. Chukua darasa moja la kiwango cha yale ya fedha za UVIKO ya 2021, yaliyopangiwa shilingi milioni 20 kila moja, madarasa 15,000 nchi nzima. Ujenzi ni wa force akaunti: hakuna mkandarasi, kuna fundi wa kijijini na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati zinachaguliwa, zinasaini, na mara nyingi zinasaini zote siku moja, kwenye meza moja, karatasi za miezi miwili. Hapo ndipo mchezo ulipo.

Anzia kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, maana ndilo rahisi kupima. Darasa la mita 9 kwa 7, jamvi la sentimita 10, ni mita za ujazo 6.3. Zege la moja kwa mbili kwa nne (saruji, mchanga, kokoto) linakula kama mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50 kwa mita moja ya ujazo. Jumla ni mifuko 41 hivi. Weka na ya kupotea, 44. Leja ya stoo ikionyesha mifuko 70 imetoka kwa ajili ya jamvi, ama jamvi ni nene kuliko ramani, ama mifuko 26 imekwenda kwingine. Usibishane. Omba kuonyeshwa pembe ambayo haijapigwa lipu, shika futi, pima unene.

Kwa tofali fanya kinyume. Mfuko ukitoa tofali 30 za inchi sita, au 35, ni kawaida. Wakikuambia umetoa 50, kwaruza tofali kwa ufunguo. Ikimwagika mchanga, saruji iliishia kwenye karatasi. Na mifuko mitupu ihesabiwe kila jioni kabla haijachukuliwa na watu wa kufungashia vitu.

Karatasi zinazotakiwa kukubaliana ni nne: oda ya ununuzi, hati ya kupokelea mzigo ya muuzaji, leja ya stoo na risiti ya mashine ya kielektroniki (EFD). Tarehe ndizo huumbua. Risiti ya tarehe 12, mzigo uliopokelewa tarehe 9, oda ya tarehe 15: kamati ilisaini kitu ambacho hakikuwepo, au iliandikiwa baadaye. Wakati mwingine ni uzembe wa kawaida tu wa mwalimu mkuu anayefundisha vipindi 20 na kutunza stoo, lazima niseme hivyo kwa haki. Lakini hata uzembe una mstari wake, na karibu kila mara pembeni yake kuna kasma ya "gharama za usimamizi" isiyo na orodha.

Ukinyimwa karatasi, kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Taarifa za usalama wa taifa zimezuiliwa, kwa hiyo ukiomba idadi ya silaha umepoteza bahasha. Omba kitu chenye jina: "taarifa ya mapato na matumizi ya ujenzi wa darasa, robo ya Januari hadi Machi, pamoja na nakala ya leja ya stoo." Ukiandika "naomba taarifa zote za mradi", utajibiwa kwamba ombi halieleweki, na watakuwa sahihi. Usieleze unazitakia nini wala usimtuhumu mtu. Barua ya tuhuma hupelekwa kwa mwanasheria, ya kuomba karatasi hupelekwa kwa mhasibu. Peleka nakala mbili masijala, moja ibaki, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Bila muhuri huo siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa.